Christopher Andrewes, daktari aliyeuliza kama kweli baridi ndiyo inaleta mafua

Asubuhi kule Kitshanga, au juu Ngungu ukungu ukiwa bado umelala kwenye malisho, ni vigumu kupita nyumba tatu bila kukuta mtoto anayetokwa na kamasi. Muulize mama yake sababu, atakuambia ni baridi. Mtoto hakuvaa triko, alikanyaga umande bila viatu, alinyeshewa akitoka shamba. Sasa teremka mpaka Walikale-centre, Mubi au Njingala, kule jasho linakutoka tangu saa tatu ya asubuhi. Huko pia utakuta kamasi, huko pia watoto wanakohoa usiku. Baridi ya kusingizia iko wapi?

Swali hilo lilimsumbua mzungu mmoja kwa karibu maisha yake yote. Jina lake Christopher Howard Andrewes. Kwetu huku si wengi wanaomjua, lakini katika historia ya magonjwa ya pua na mapafu jina lake liko mbele kabisa, na mambo aliyoyapata, pamoja na yale yaliyomshinda, yanagusa kila nyumba ya Masisi na Walikale.

Alizaliwa London tarehe 7 Juni 1896. Baba yake, Frederick Andrewes, alikuwa daktari wa maabara katika hospitali ya St Bartholomew's, kwa hiyo mtoto alikua akisikia habari za vijidudu mezani. Tangu utoto alipenda sana kukamata wadudu na kuwapanga kwa jamii zao, kila mmoja na jina lake. Tabia hiyo hakuiacha mpaka uzee, tutairudia mbele. Alisomea udaktari katika hospitali ileile ya baba yake. Kati ya mwaka 1923 na 1925 alifanya kazi New York, katika hospitali ya Taasisi ya Rockefeller, na mwaka 1927 akaingia taasisi ya taifa ya utafiti wa matibabu kule Hampstead, London. Hapo ndipo alipojikita.

Wakati ule dunia ilikuwa bado inakumbuka ile gripi kubwa ya mwaka 1918, iliyoua mamilioni ya watu Ulaya, Asia, Marekani na Afrika, Kongo ya Wabelgiji ikiwemo. Kilichoiletea hakuna aliyekijua kwa hakika. Madaktari wengi walikuwa wanashika maneno ya Mjerumani Richard Pfeiffer, ambaye mwaka 1892 alisema ni bakteria fulani aliyoikuta kooni kwa wagonjwa. Andrewes na wenzake wawili, Wilson Smith na Patrick Laidlaw, walishuku kwamba ni kitu kidogo zaidi ya bakteria, kitu kinachopita kwenye chujio ambacho bakteria haipiti. Ndicho leo tunakiita virusi.

Mwanzoni mwa 1933 gripi ikaingia London, na Andrewes mwenyewe akaanguka. Smith hakupoteza nafasi. Alimpa mwenzake maji ya chumvi asukutue koo na ayateme, akayachuja maji yale, kisha akayadondosha katika pua za ferret. Huyo ni mnyama mwembamba wa jamii ya kicheche, ambaye Wazungu wanamfuga kwa kuwindia sungura. Walimchagua kwa sababu Laidlaw alishawahi kumtumia kuchunguza ugonjwa mmoja wa mbwa unaosababishwa na virusi ambavyo, kwa bahati, ni ndugu wa karibu wa virusi vya surua. Baada ya siku chache wale ferret walipata homa, pua zikaanza kuchuruzika, wakaanza kupiga chafya kama watu. Mwezi Julai 1933 taarifa ilichapishwa, nayo ikafunga mjadala kuhusu chanzo cha gripi ya binadamu. Mwaka 1936 ferret mmoja mgonjwa alimpigia chafya usoni kijana wa maabara aitwaye Charles Stuart-Harris, naye akapata gripi. Mnyama akawa amerudisha kwa binadamu kile alichopewa. Kwa yule kijana haikuwa siku njema, ila kwa utafiti hakuna ushahidi uliopita huo.

Hapa tuingie ndani ya pua yenyewe, maana ndipo habari yote inapochezwa.

Ukuta wa ndani ya pua si ngozi tu. Umefunikwa na utando wa seli zilizosimama bega kwa bega kama miti ya mihogo shambani. Nyingi kati yake zina vinyweleo vidogo sana kichwani, karibu 200 kwa kila seli, visivyoonekana kwa macho. Vinyweleo hivyo vinapiga kasia mara kumi na zaidi kwa kila sekunde, vyote kuelekea upande mmoja, kwenye koo. Katikati yake kuna seli nyingine ambazo kazi yake ni kutoa ute. Vumbi la barabara ya Sake, moshi wa kuni, bakteria, vyote vinanasa kwenye ute huo, na vinyweleo vinausukuma mpaka kooni, tunaumeza bila kujua, tumbo linamaliza kazi. Chini kabisa, kama mizizi, kuna seli changa zinazongoja kuchukua nafasi ya zile zinazokufa.

Virusi vya gripi vikifika hapo, vinashika sukari fulani iliyoko juu ya seli, vinavutwa ndani, na seli ile inageuzwa kuwa kiwanda chao. Baada ya masaa machache inatoa virusi vipya kwa maelfu, kisha inakufa na kubanduka. Mwaka 1938 Stuart-Harris, yule wa chafya, akiwa na Mmarekani Thomas Francis, alionyesha jinsi pua ya ferret mwenye gripi inavyokuwa: ule utando wenye vinyweleo ulikuwa umebanduka, kama shamba baada ya mvua ya mawe. Ikabaki safu ya chini tu. Siku zilizofuata seli changa zilianza kugawanyika na kujenga upya, lakini si jambo la siku mbili. Kurudisha utando wote na vinyweleo vyake kunachukua wiki kadhaa.

Hiyo ndiyo sababu mtu aliyepona homa bado anakohoa muda mrefu. Tena ndiyo sababu, hasa kwa mtoto mdogo au mzee, gripi inafuatwa na nimonia. Kasia zimevunjika, ute umesimama, na bakteria ambazo siku zote zinakaa puani na kooni bila madhara zinapata njia wazi ya kuteremka mpaka mapafuni.

Baada ya ushindi ule, Andrewes angeweza kukaa kwenye gripi na kula heshima yake. Lakini kuna ugonjwa mwingine alioupenda zaidi, kama mtu anaweza kupenda ugonjwa: mafua ya kawaida, yale yanayotushika wote na ambayo hayamtishi mtu. Alipokuwa Marekani alijua kazi ya daktari Alphonse Dochez, aliyeweza kuwapa mafua sokwe-mtu kwa kuwawekea puani maji kutoka kwa mgonjwa. Wasomaji wetu wa Walikale wanaokaa karibu na mbuga ya Kahuzi-Biega wanajua kwa nini wageni wanavalishwa maski na kukatazwa kuwasogelea gorila. Mafua ya binadamu yanawapata wao pia, na yamekwisha kuua sokwe wa milimani. Lakini London sokwe-mtu walikuwa ghali mno. Andrewes akawageukia wanafunzi wa udaktari, ambao, alivyopenda kutania, walikuwa rahisi zaidi kupata.

Vita Kuu ya Pili ilipomalizika alipata nafasi. Karibu na mji wa Salisbury kulikuwa na majengo ya mbao ambayo Chuo Kikuu cha Harvard na Msalaba Mwekundu wa Marekani walijenga wakati wa vita, kujiandaa na magonjwa ya mlipuko. Sasa yalikuwa matupu. Mwaka 1946 Andrewes alifungua hapo kituo cha utafiti wa mafua. Watu wenye afya njema waliitwa kuja kukaa siku kumi bure, chakula, magazeti, michezo ya mezani na pesa kidogo ya mfukoni. Walikaa wawili wawili au watatu watatu, na walikatazwa kumsogelea mtu mwingine yeyote. Kisha walitiwa matone puani. Wengine walitiwa maji yenye mafua, wengine maji ya chumvi tu, na hawakuambiwa ni yapi. Halafu wakawa wanahesabiwa vitambaa vya kupangusia kamasi kila siku. Kazi ilikuwa hiyo. Watu walipenda sana kuja, wanafunzi na hata maharusi waliotaka mapumziko ya bei nafuu, na wengine walirudi mara kadhaa. Mpaka kituo kinafungwa, watu karibu elfu ishirini walikuwa wamepita hapo.

Ndipo akaja kwenye lile swali la mama wa Kitshanga.

Andrewes aliwagawa watu wake makundi matatu. Wa kwanza walitiwa virusi puani na kuachwa kwenye joto. Wa pili hawakutiwa virusi, ila walioga maji ya moto, kisha wakasimama nusu saa kwenye ukumbi wenye upepo, wakiwa na nguo za kuogelea zilizolowa, wasijipanguse. Baadaye walivaa soksi zenye maji asubuhi nzima. Wa tatu walipata yote mawili, virusi na mateso. Jaribio lilirudiwa. Wale wa baridi peke yake walitetemeka, waliona uchungu, joto la mwili likashuka kidogo, lakini hakuna aliyepata mafua. Kati ya waliotiwa virusi, baridi haikuleta tofauti ya wazi: mara moja ilionekana kama inaongeza, mara nyingine ikawa kinyume chake.

Kwa hiyo bila virusi hakuna mafua, hata usimame ndani ya mvua ya Masisi mpaka jioni.

Niseme ukweli, wazee wetu hawakukosea kila kitu. Uchunguzi wa baadaye umelegeza kidogo maneno ya Andrewes. Mwaka 2005 kule Cardiff, watu 90 waliweka miguu katika maji baridi kwa dakika 20, na siku zilizofuata walilalamika dalili za mafua zaidi kuliko wenzao 90 ambao hawakufanya hivyo, ingawa hakuna aliyepima kama walikuwa na virusi. Na mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba seli za njia ya hewa za panya zinajitetea vibaya zaidi kwenye nyuzi 33, ambayo ni joto la ndani ya pua, kuliko kwenye nyuzi 37 za mwili. Kwa hiyo inawezekana baridi inalegeza mlinzi wa mlango. Ila mwizi ni virusi, na virusi vinatoka kwa mtu mwingine, kwa chafya, kikohozi, mikono. Siku za mvua tunajifungia wote ndani ya chumba kimoja, na moshi juu. Katika kambi za waliokimbia vita, familia ya watu nane inalala ndani ya kibanda cha hema ambamo mtu mzima hawezi hata kunyoosha miguu. Virusi havihitaji baridi hapo.

Mwaka 1950 Andrewes alijaribu jambo la ajabu zaidi. Kaskazini mwa Scotland kuna kisiwa kidogo kiitwacho Eilean nan Ron, ambacho wakaaji wake wa mwisho walikuwa wamekiacha miaka kumi na miwili kabla. Alipeleka huko watu 12 wakae peke yao kwa wiki nyingi, ili miili yao isahau mafua. Kisha akawaletea wenye mafua waliopewa kwa matone, kuona yanaruka namna gani. Alitarajia wale waliotengwa wataanguka wote kama majani makavu. Haikuwa hivyo. Mafua yalikataa kuambukiza kwa urahisi aliofikiri, na Andrewes akarudi na maswali mengi kuliko aliyoondoka nayo. Mimi hapo ndipo ninapompenda. Hakuficha, aliandika kama ilivyokuwa.

Shida yake kubwa ilikuwa nyingine: aliweza kuhamisha mafua kutoka pua hadi pua, lakini hakuweza kuvikuza virusi ndani ya chupa. Mwaka 1953 kundi lake lilitangaza kwamba limefaulu, katika vipande vya mapafu ya binadamu, halafu wakajaribu tena na tena bila kupata. Miaka ikapita. Mwaka 1957 alikuja kijana David Tyrrell, na ufunguo ukapatikana mwaka 1960. Walikuwa wanatunza seli kwenye nyuzi 37, kama mwili wote. Tyrrell alishusha hadi nyuzi 33, akabadilisha kidogo uchachu wa maji ya kulishia seli, akaiga hali ya puani, na virusi vikaota. Vinaitwa rinovirusi, yaani virusi vya pua, na ndivyo vinavyoleta mafua mengi duniani.

Sasa cha ajabu ni kwamba rinovirusi havibandui utando wa pua kama gripi inavyofanya. Vinaingia katika seli chache, hapa na pale, na nyingine zinabaki zimesimama. Zile zilizoshikwa zinapiga kelele kwa njia ya kemikali: mishipa midogo inavimba, maji yanavuja, seli za ute zinaongeza kazi. Pua kuziba, kamasi, chafya, koo kuwasha, sehemu kubwa ya hayo ni mwili wetu wenyewe unaopigana. Moja ya kemikali hizo inaitwa interferoni. Iligunduliwa mwaka 1957 katika taasisi ileile ya Andrewes, na Alick Isaacs pamoja na Mswisi Jean Lindenmann. Seli inayokufa inaitoa ili kuonya majirani wafunge milango.

Katika kituo kilekile cha Salisbury, Tyrrell na wenzake walijifunza kutoka kwa Msweden Bertil Hoorn kutunza vipande vya koo la hewa vyenye vinyweleo vinavyopiga kasia. Mtu anaangalia kwa darubini: vinyweleo vikisimama, virusi vimeingia. Kwa njia hiyo mwaka 1965 walipata virusi vipya, kutoka kwa kamasi ya mvulana mmoja wa shule ya bweni, na June Almeida, binti wa dereva wa basi wa Glasgow aliyeacha shule akiwa na miaka 16, akavipiga picha kwa darubini ya elektroni. Vilikuwa na kama taji kuzunguka. Hiyo ndiyo familia ya korona, ile ambayo mwaka 2020 ilitufungia mipaka na masoko.

Andrewes alikuwa amekwisha kuacha kiti wakati huo. Mwaka 1961 alistaafu na mfalme wa kike akampa cheo cha Sir. Lakini kabla ya hapo alishaacha kitu ambacho bado kinatufanyia kazi. Shirika la Afya Duniani lilipoanzishwa miaka ya 1947 na 1948, aliongoza kituo cha dunia cha gripi kule London, kilichokusanya virusi kutoka nchi nyingi ili kuona ni aina gani inakuja. Mtandao huo ulikua. Leo INRB ya Kinshasa ni sehemu yake, na mgonjwa anayechukuliwa maji ya puani kwa kijiti katika kituo cha uangalizi cha Kongo anaingia katika hesabu aliyoianza Andrewes.

Dawa ya mafua hakuipata. Aina za rinovirusi zinazojulikana sasa zinapita 160, na ukipona moja, nyingine haikujui. Antibiotiki hazifanyi kitu hapo, kwa sababu zinaua bakteria, si virusi. Vidonge vya amoksisilini vinavyouzwa kwa rejareja kwenye farmasi za Rubaya na Pinga, viwili asubuhi viwili jioni kwa sababu ya kamasi, ni pesa iliyotupwa, na vinafundisha bakteria kuzoea dawa. Siku mtoto atakapopata nimonia ya kweli, dawa ileile inaweza kukataa. Nimonia yenyewe inajulikana kwa pumzi. Mtoto akiwa ametulia, halii, mfunue kifua uhesabu kwa dakika nzima: mara 60 au zaidi kwa mwenye chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kabla ya kutimiza mwaka, 40 au zaidi kati ya mwaka mmoja na mitano. Ikifika hapo, au mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, ni kituo cha afya siku hiyohiyo, usingoje kesho. Kama ni kamasi tu na anacheza, basi anyonye, anywe, pua isafishwe, akae mbali na moshi wa jikoni, na wanaomshika wanawe mikono.

Andrewes alihamia kijiji cha Coombe Bissett, karibu na Salisbury. Akarudi kwa wadudu wake wa utotoni. Mwaka 1965 alitoa kitabu juu ya mafua, na mwaka 1969 kingine juu ya maisha ya nyigu na nyuki. Alifariki tarehe 31 Desemba 1988, akiwa na miaka 92. Mwaka 1990 kituo cha Salisbury kilifungwa, bila dawa, na majengo yale ya mbao hayapo tena.